Mti "uliothibitishwa" kutuliza maumivu: umethibitishwa kwa nani?

Ukisikia redioni kwamba mti fulani umethibitishwa na wataalamu kutuliza maumivu ya viungo, uliza kwanza: umethibitishwa kwa nani? Mara nyingi ni kwa panya. Si jambo la kudharau, lakini mwenye magoti yanayouma ana haki ya kujua jaribio lilikuwaje.

Tuchukue mululuza, mti wa majani machungu, maana hapa Uganda uchungu wake hauna mgeni. Mbarara huitwa omubirizi, Acholi huitwa labwori. Kwanza tawi hupelekwa kwa wataalamu wa mimea, mathalani Chuo Kikuu cha Makerere, wahakikishe ndiyo Vernonia amygdalina na kulihifadhi kama ushahidi. Majani hukaushwa kivulini, husagwa, huloekwa katika maji au spiriti na kuchujwa, kisha maji yake hukaushwa taratibu mpaka ubaki unga au utomvu mzito. Hilo ndilo dondoo.

Usalama hutangulia. Panya hupewa dozi hadi miligramu 2,000 kwa kila kilo ya uzito na kuangaliwa siku 14: anakula, amezubaa, anatetemeka?

Kwa uvimbe, kipimo maarufu ni cha tangu 1962. Panya wa aina kubwa hupewa dondoo, kisha hudungwa karajinani kidogo kwenye unyayo wa nyuma. Karajinani hutoka kwenye mwani, wa jamii ya ule wanaoulima akina mama wa Zanzibar. Unyayo hufura, nasi watafiti huuzamisha kwenye chombo cha maji kila saa na kusoma maji yamepanda kiasi gani. Kundi moja hupata dondoo, jingine maji matupu, jingine dawa ya maumivu iliyokwisha kujulikana, mfano diklofenaki. Ripoti isiyo na makundi hayo mawili ya kulinganisha usiihangaikie.

Saa nazo zina habari. Mwanzoni uvimbe huletwa zaidi na kemikali za mwili ziitwazo histamini na serotonini. Kuanzia saa ya tatu hivi, huletwa na kemikali nyingine za mwili, prostaglandini. Mwaka 1971 mtaalamu wa dawa Mwingereza, John Vane, alionyesha kuwa aspirini huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Basi dondoo likipunguza uvimbe wa saa ya tatu, huenda linapita njia hiyo hiyo, na huenda likaja na balaa lile lile la vidonda vya tumbo. Hili wauzaji hawalisemi.

Maumivu hupimwa kwa panya wa aina ndogo juu ya bamba la nyuzijoto 55. Tunahesabu sekunde mpaka alambe unyayo, na akikawia tunamwondoa asiungue. Hapa pana mtego: panya aliyelewa usingizi naye hukawia kulamba. Ndiyo maana hutembezwa pia juu ya ufito unaozunguka. Akianguka anguka, dondoo limemlevya, na zile sekunde za kwenye bamba hazithibitishi kitu.

Sasa dozi, ambako wengi hupotea. Tuseme panya mkubwa amepata nafuu kwa miligramu 200 kwa kilo. Mwili mdogo humaliza dawa haraka, kwa hiyo dozi ya panya mkubwa hugawanywa kwa 6.2 kabla ya kuhamishiwa kwa mtu. Mwenye kilo 60 anafika karibu gramu 2 za dondoo. Kama gramu 100 za majani makavu zilitoa gramu 10 za dondoo, hizo 2 ni gramu 20 za majani makavu kwa mara moja. Majani mawili matatu kwenye kikombe hayafiki huko hata kidogo. Wala usijipimie gramu 20 nyumbani: hesabu hii ni ya kupangia majaribio ya watu, na hata huko huanzwa chini zaidi.

Mumbwa wa soko la Owino, Kampala, ni habari nyingine kabisa. Ni udongo uliokandwa na majani ya aina kadhaa, kila fundi kwa mkono wake. Jaribio la dondoo la mululuza peke yake haliwezi kuusemea.

Tangu 2019 Uganda ina sheria ya tiba asilia, na dawa za mitishamba za dukani husimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. Ninachokihofia zaidi ni chupa "ya mitishamba" inayoondoa maumivu ya miaka kwa siku moja. Sehemu nyingi duniani chupa za namna hiyo zimekutwa na diklofenaki au deksamethasoni, dawa kali ya steroidi ya kupunguza uvimbe, iliyochanganywa kwa siri. Ukiitumia uso ukaanza kujaa, au sukari na presha zikapanda, usiiache ghafla kwa uamuzi wako, maana deksamethasoni ikikatwa ghafla baada ya muda mrefu mwili unaweza kuzidiwa. Chukua chupa na lebo yake uende hospitali siku hiyo hiyo.