Kwa nini korona iliingia makao ya wazee wakati milango ilikuwa imefungwa?

Ukiwauliza watu wengi huku kwetu kwa nini korona iliua sana kwenye makao ya wazee kule Ulaya na Marekani, jibu linakuja haraka: wenzetu wamewatupa wazee wao, ndugu hawaendi kuwaona, ugonjwa ukawakuta wapweke ukawamaliza. Jibu hilo linatufariji lakini halielezi chochote. Wale wazee walikuwa wanatembelewa, watoto wanakuja, wajukuu wanakuja, na Marekani ilipopiga marufuku wageni tarehe 13 Machi 2020, mpaka mke anamuona mumewe kupitia kioo cha dirisha, vifo havikusimama, viliendelea kupanda wiki baada ya wiki. Kanada nako wimbi la kwanza karibu asilimia 80 ya waliokufa nchi nzima walikuwa wa makao ya wazee. Sasa kama ndugu hawaingii na mzee hatoki, kirusi kilipita wapi?

Wengine wanasema ni umri, kinga ya mzee imechoka. Hiyo ni kweli na inaeleza kwa nini mzee akishaugua anazidiwa haraka, ila haielezi ugonjwa ulimfikaje kitandani, maana kirusi hakizaliwi chumbani.

Halafu kuna jibu la Uingereza ambalo ndo maarufu zaidi, kwamba hospitali ndo zilipeleka ugonjwa. Lina msingi. Kati ya 17 Machi na 15 Aprili 2020 wagonjwa kama 25,000 walitolewa hospitali za England wakapelekwa makao ya wazee ili vitanda vibaki wazi, na kupima kila anayetoka kulikuja kuwa lazima mwishoni mwa kipindi hicho. Aprili 2022 Mahakama Kuu ikasema sera ile ilivunja sheria kwa sababu serikali haikuzingatia hatari ya watu wenye ugonjwa bila dalili. Lakini wataalamu wa afya ya jamii wa England walipofuatilia milipuko yenyewe, waliyoweza kuihusisha moja kwa moja na mgonjwa aliyetoka hospitali ilikuwa kama asilimia 1.6 tu. Hapa twende polepole, kipindi kile vipimo vilikuwa haba, asiyepimwa hahesabiki, kwa hiyo huenda namba halisi ni kubwa zaidi. Hata ukiiongeza mara kadhaa bado milipuko mingi inabaki bila maelezo.

Maelezo yako kwa wahudumu, na naomba nieleweke, siwalaumu hata kidogo.

Twende Kirkland, mji wa jimbo la Washington, ambako mlipuko wa kwanza mkubwa wa makao ya wazee Marekani ulionekana mwisho wa Februari 2020. Kufikia 18 Machi watu 167 walithibitishwa: wakazi 101, wahudumu 50, wageni 16. Wachunguzi walikuta wahudumu waliokuja kazini wakiwa na dalili, vifaa vya kujikinga havitoshi, na jambo lililofungua macho zaidi, wahudumu waliokuwa wanafanya kazi kwenye zaidi ya kituo kimoja.

Fikiria jikoni kwenye harusi. Sufuria kumi za mchuzi wa nazi ziko mekoni, kila moja imefunikwa na hakuna mgeni anayeruhusiwa kusogea. Upawa ni mmoja. Mchuzi wa sufuria ya tatu umeanza kuchacha lakini bado hata harufu haijatoka, mpishi anakoroga pale, anahamia ya nne, anahamia ya saba. Ukizidisha mifuniko hujasaidia kitu maana upawa lazima uingie, usipoingia chakula kinaungua. Mzee naye lazima alishwe, ageuzwe kitandani, aoshwe, hilo halifanyiki kwa umbali wa mita mbili. Na upawa uko mmoja kwa sababu mwenye shughuli hakununua zaidi: kazi hizi zinalipa kidogo, wengi wanapewa saa pungufu, akiugua halipwi, basi mtu anashika shifti ya asubuhi kituo hiki na ya usiku kituo kingine ili kodi ya nyumba ifike. Watu wetu wanaobeba boksi Marekani na Uingereza wanayajua haya maisha.

Ile ya kuchacha bila harufu nayo ilipimwa. Kwenye kituo kingine cha jimbo hilohilo wapimaji walikuta wakazi 48 wana kirusi, na 27 kati yao siku ya kupimwa hawakuwa na dalili yoyote. Halafu watafiti Keith Chen, Judith Chevalier na Elisa Long wakaangalia data za simu janja za Marekani: asilimia 5.1 ya simu zilizokaa angalau saa nzima kwenye kituo kimoja zilionekana na kwenye kituo kingine, hata baada ya wageni kuzuiwa. Inaonekana ndogo, ila kwa hesabu yao inatosha kueleza karibu nusu ya maambukizi ya wakazi. Ni makadirio ya kitakwimu, simu haisemi mwenye simu ni nani, lakini yanaendana na yaliyokutwa Kirkland.

British Columbia, jimbo la Kanada, waliliona mapema. Kifo cha kwanza cha korona Kanada kilitokea Lynn Valley, makao ya wazee North Vancouver, na mwisho wa Machi 2020 Dk. Bonnie Henry, ofisa mkuu wa afya wa jimbo hilo, akaagiza kila mhudumu abaki kituo kimoja, na serikali ikapandisha mishahara ili aliyeacha kazi ya pili asilale njaa. Hiyo ya mshahara ndo naiona ya busara kuliko zote. Agizo peke yake lilisaidia kiasi gani ni vigumu kusema, lilikuja pamoja na barakoa na vipimo.

Chanjo zilipofika Desemba 2020, Uingereza iliweka wakazi na wahudumu wao kundi la kwanza pamoja. Marekani nayo ikawatanguliza wote, lakini mwezi wa kwanza wa kampeni, kwenye vituo zaidi ya 11,000, kituo cha kawaida kilikuwa kimechanja asilimia 77.8 ya wakazi na asilimia 37.5 tu ya wahudumu. Baadhi walichanjwa kwingine bila kuhesabiwa, baadhi hawakuwa shifti siku timu ilipokuja, na wengi waliogopa. England ikalazimisha chanjo kwa wahudumu kuanzia 11 Novemba 2021, huku serikali yenyewe ikikadiria kupoteza wahudumu 40,000, ikafuta sharti hilo tarehe 15 Machi 2022. Mwezi mmoja kabla, kwa uhaba wa watu, ilikuwa imefungua viza kwa wahudumu wa wazee kutoka nje, na walioomba wamo ndugu zetu.