Riwaya mpya ya vijana: ninayoyaangalia kabla ya kuipendekeza

Shule zikikaribia kufunguliwa, simu yangu hujaa swali moja: kuna riwaya gani mpya ya Kiswahili ya kumpa kijana wa kidato cha kwanza au cha pili? Wazazi huuliza, na walimu wanaosimamia maktaba vilevile. Mimi ni mhariri wa riwaya, na badala ya kuwapa orodha itakayopitwa na wakati kabla ya likizo ya Juni, nitaeleza jinsi ninavyokikagua kitabu kikishafika mkononi.

Naanza na ukurasa wa hakimiliki, ule ambao watu wengi huuruka. Wachapishaji wetu wanapenda kuvisha kitabu cha zamani jalada jipya lenye mchoro wa kisasa, na muuzaji atakuapia kwamba kimetoka juzi. Ukurasa huo husema ukweli. "Toleo jipya" lina maana kwamba maandishi yenyewe yameguswa. "Chapa ya tatu" ni maandishi yaleyale yaliyorudi mtamboni. Chapa ya tatu si aibu, ni dalili kwamba kitabu kinasomwa, lakini usilipe bei ya upya.

Halafu najiuliza mwandishi alikuwa anamwandikia nani. Hapa ndipo penye kazi.

Riwaya ya Kiswahili huishi au kufa kwa shule. Tanzania, kizazi baada ya kizazi cha kidato cha tatu na cha nne kimesoma Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu. Dada akimaliza, mdogo wake anarithi nakala ileile yenye majibu pembeni kwa penseli. Kenya mzunguko ni wa kasi kidogo: baada ya Kidagaa Kimemwozea ikaja Chozi la Heri, kisha Nguu za Jadi. Kitabu kikiteuliwa kusomwa shuleni, mchapishaji anapumua kwa miaka. Kisipoteuliwa, kinahangaika na nakala chache dukani. Kwa hiyo mwandishi mwenye akili timamu huanza kuandika akiwa ameikodolea macho kamati ya uteuzi, na kijana mwenyewe anasahaulika.

Dalili zake nazijua kwa sababu miswada ya namna hiyo hunifikia kila mara. Mhusika wa miaka kumi na tano ana tatizo, na mtu mzima ndiye analitatua: mjomba kutoka mjini, mwalimu mkuu mwema, au mhisani anayechomoza sura ya mwisho na ada mkononi. Dhamira hutajwa waziwazi kwenye mazungumzo, ili mwanafunzi asipate taabu ya kuitafuta siku ya mtihani. Na majina! Katika Kidagaa Kimemwozea, Ken Walibora alimwita mtawala dhalimu Nasaba Bora, na jina lenyewe likawa kejeli inayomwandama hadi mwisho. Waigaji wake wanamwita mtoto mvivu Mzembe, basi, kazi imekwisha.

Kipimo changu cha kwanza ni hicho: nani anaamua? Msichana akifanya uamuzi mbaya, ukamgharimu, na yeye mwenyewe akatafuta njia ya kutokea, hiyo ni riwaya ya vijana. Akiwa anasubiri kuokolewa, hicho ni kitabu cha ziada cha darasani kilichojificha.

Kipimo cha pili kinahusu mapenzi na mimba, mambo ambayo wachapishaji huyashika kwa ncha za vidole. Sababu ipo. Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kabla ya kuja kusomwa rasmi. Februari 2023 serikali ya Tanzania iliviondoa shuleni vitabu kadhaa kwa hoja ya maadili, vikiwemo vya Diary of a Wimpy Kid, mfululizo maarufu wa Mmarekani Jeff Kinney. Mchapishaji akiona hivyo anamwambia mhariri kata, nami nimekata. Lakini angalia yaliyobadilika nje ya kitabu. Kenya imekuwa na sera ya kumrudisha shuleni mama kijana tangu miaka ya 1990, na Tanzania ilifungua mlango huo Novemba 2021. Kwa hiyo riwaya inayodai kuwa mpya, ambamo mimba inafunga hadithi ya msichana kama kaburi, imebaki nyuma ya waraka wa wizara. Ninayoitafuta ni ile inayomfuata anaporudi darasani: nani anabaki na mtoto, nani anahama dawati, mwalimu gani anamwita kwa jina lake na yupi anamwita "mama fulani". Hapo pana hadithi ambazo miaka kumi iliyopita zisingeaminika.

Kipimo cha tatu ni mdomo. Nasoma mazungumzo kwa sauti. Binti wa Mbagala akimwambia mama yake, "Sina budi kukiri kwamba maudhi haya yamenishinda kustahimili," nafunga kitabu. Angesema, "Mama, nimechoka," na kimya kinachofuata kingebeba yote hayo. Wapo wanaokosea upande wa pili kwa kumwaga misimu kila mstari. Sheng, lugha ya mtaani ya vijana wa Kenya, ya mwaka huu mwakani itamchekesha msomaji pasipostahili kicheko. Waandishi wanaojua huacha usimulizi kwenye Kiswahili sanifu, kisha wanachukua mwendo wa vijana wanavyoongea: sentensi fupi, kukatizana, utani wa kuficha aibu. Maneno ya mtaani wanayatia kidogo tu, kama pilipili.

Walimu huniambia vijana hawasomi. Nisiowaelewa ni wale wanaosema hivyo huku darasa lao zima linafuatilia hadithi za Facebook na WhatsApp, sehemu ya kumi, sehemu ya thelathini, mpaka mwandishi anapokata pale penye moto na kuomba alipwe kwa M-Pesa ili aendelee. Uhariri wa hadithi hizo mara nyingi ni wa kusikitisha, na nyingine mzazi hangependa ziingie nyumbani. Lakini watunzi wake wanajua jambo ambalo waandishi wetu wengi wa vitabu wamelisahau: kila sehemu lazima imwache msomaji na swali. Riwaya mpya ikinifikia natazama sura zinavyoisha. Zikiisha kila mara kwa mhusika kulala usingizi, nawahurumia watakaoisoma.

Pa kuzitafutia? Tanzania, fuatilieni Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Miswada inayoshinda huchapishwa. Majaji ni watu wazima, kwa hiyo vipimo vyangu mnavitumia hata huko. Kenya kuna Tuzo ya Jomo Kenyatta, ambayo hutambua pia vitabu vya vijana vya Kiswahili, na maonyesho ya vitabu ya Nairobi kila Septemba, ambako mtu hupata kugusa kitabu kabla ya kukilipia. Mkenya ajiandae: vitabu hutozwa VAT tangu 2013, na bei inaonyesha.

Ukiwa dukani, usisome mwanzo. Sisi wahariri kurasa za kwanza tunazing'arisha mno, kwa sababu tunajua ndizo mnazofungua. Fungua katikati, soma kurasa tatu ukiwa umesimama. Kama hujui wahusika ni akina nani na bado unataka kujua kitakachotokea, nunua. Ikiwa ni maktaba ya shule, chukua nakala mbili za hicho kimoja kabla ya kuongeza cha pili, maana anayekisoma atataka wa kubishana naye, na hatakubali kusubiri foleni. Usimpe kazi ya kuandika muhtasari.