Watoto wa dampo la Tanga: yanayosemwa barazani na yaliyopo

"Wale wa dampo wavivu tu, wamezoea vya kuokota." Maneno hayo utayasikia Ngamiani, mtaa wa jijini Tanga, gari la taka likipita. Gari hilo likishamwaga, ndipo kazi inapoanza: kufumua mifuko, kutenga chupa za plastiki, makopo, nyaya na chuma chakavu, kujaza viroba, kisha kumsubiri mnunuzi mwenye mizani yake. Bei anapanga yeye. Anayelipwa kwa kilo humwita na mtoto asaidie. Mvivu, kwa maoni yangu, ni sisi tunaotupa maganda ya machungwa ya Muheza, betri na chupa iliyopasuka ndani ya mfuko mmoja.

"Elimu ni bure, asiyesoma kataka mwenyewe." Ada ilifutwa kweli: tangu 2016 hadi kidato cha nne, na 2022 ikafutwa kidato cha tano na cha sita. Sare, viatu na madaftari bado ni vya kununua. Tena saa anazokaa mtoto darasani ni kilo zinazopungua nyumbani.

"Wamezoea, hawaumwi." Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Hakuna mwili unaozoea madini ya risasi yanayotoka kwenye betri kuukuu za magari. Mwili wa mtoto huyafyonza mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Hatakohoa wala kuvimba. Ubongo ndio unaodhurika, na mwalimu atasema mtoto ni mzito wa kuelewa. Juu ya hapo kuna moshi. Taka zinazooza hutoa gesi ya methani inayoshika moto, nao moto huweza kufukuta chini kwa chini siku nyingi. Na rundo likipanda mno huporomoka: Koshe, Addis Ababa, Machi 2017, walikufa zaidi ya watu 100, Kiteezi, Kampala, Agosti 2024, zaidi ya 30.

"Basi wafukuzwe." Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumtumikisha mtoto kazi za hatari, na ni haki. Ila mzazi akifukuzwa bila kipato kingine, mtoto atahamia kwenye vizimba vya taka mitaani, tena usiku. Wazazi wakiuza kwa kikundi, kwa mizani yao wenyewe, wanaweza kubishana bei na mnunuzi, na kiroba cha mtoto kisihitajike.