Innocence: filamu ya pili iliyowagawa watazamaji, na maandishi ya chini yalivyochangia

Kazi yangu ni kuandika yale maneno yanayopita chini ya skrini filamu ikiwa ya lugha ya kigeni. Nimeandikia tamthilia za mapenzi, filamu za ngumi, hata kipindi kimoja cha mapishi. Hakuna iliyonitoa jasho kama Innocence, filamu ya katuni ya mwongozaji Mjapani Mamoru Oshii, mwendelezo wa Ghost in the Shell. Hiyo sikuagizwa na mtu. Niliifanya mwenyewe kwa ajili ya jamaa saba niliowaalika sebuleni kwangu, wanne wakiwa wapenzi wa siku nyingi wa anime, yaani katuni za Kijapani, na watatu wamekuja kwa ajili ya pilau.

Matokeo yalikuwa yale yale ambayo filamu hii imekuwa ikiyapata tangu ilipotoka Japani mwezi Machi 2004. Wawili walisema ni kitu kizuri kuliko vyote walivyowahi kuona. Watatu walisema ni nzuri, ila ina maneno mengi. Mmoja alikasirika. Shemeji yangu alilala.

Kwa asiyeijua: filamu ya kwanza ilitoka 1995, nayo ni nguzo ya saibapanki ya Kijapani, yaani hadithi za kesho ambako watu na kompyuta vimechanganyika. Ndani yake kuna Meja Motoko Kusanagi, askari mwenye mwili wote wa kutengenezwa, anayeishia kuungana na akili iliyozaliwa mtandaoni. Hii ya pili inatupeleka mwaka 2032. Meja hayupo. Aliyebaki ni Batou, jibaba lenye macho ya chuma, na mwenzake Togusa, ambaye bado ni binadamu kwa sehemu kubwa na ana mke na mtoto nyumbani. Wanachunguza kwa nini wanasesere wa kike wa kampuni iitwayo Locus Solus wanawaua wenye nao.

Tuanze na malalamiko ya wazi, maana hayo sina ubishi nayo. Ukimwondoa mhusika ambaye watu wamempenda kwa miaka tisa, usitegemee washangilie. Tena kati ya filamu hizi mbili ulianza mfululizo wa televisheni, Stand Alone Complex, mwaka 2002, na humo Meja ndiye kiongozi, anatania, anapiga watu, anatoa amri. Vijana wengi walimjua kwa njia hiyo. Wakaja kwenye filamu wakimtafuta, wakakuta mwanamume mpweke na mbwa wake. Yule aliyekasirika sebuleni kwangu alikuwa kundi hili, na nilimwelewa. Meja anarudi karibu na mwisho, tena ndani ya mwili wa mwanasesere.

Kuna na suala la picha. Mandhari zimetengenezwa kwa kompyuta, zinang'aa kama sinia la shaba lililosuguliwa, halafu watu wamechorwa bapa juu yake. Wengine wanaona uzuri, wengine wanaona viraka. Mimi naona uzuri. Tupite.

Lalamiko kubwa ni maneno. Hawa askari hawaongei kama askari. Wanaongea kwa nukuu: Konfusio, mshairi Milton, mwanafalsafa Descartes, Buddha, Zaburi. Togusa anaanza, Batou anamalizia, wako ndani ya chombo angani wanautazama mji chini. Hata majina ni nukuu. Locus Solus ni riwaya ya Mfaransa Raymond Roussel ya 1914. Aina ya wanasesere wale, Hadaly, imetoka kwa Mfaransa mwingine, Villiers de l'Isle-Adam, aliyeandika karne ya 19 kuhusu mwanamke wa kutengenezwa. Mtaalamu anayewachunguza wanasesere walioharibika anaitwa Haraway, salamu kwa Donna Haraway, mwanazuoni wa Marekani aliyeandika kuhusu saibogi, nusu mtu nusu mashine, mwaka 1985.

Wanaoipenda filamu husema wanaolalamika hawana kichwa. Wanaolalamika husema Oshii anajionyesha kasoma. Mimi naona pande zote mbili zinasahau jambo moja dogo: karibu kila mtu nje ya Japani aliisoma filamu hii badala ya kuitazama.

Nieleze mezani kwangu panavyokuwa. Kanuni ninayofanyia kazi ni mistari miwili kwa wakati, kila mstari herufi zisizozidi 42, na kasi ya herufi 17 hivi kwa sekunde. Zaidi ya hapo mtazamaji anabaki nyuma. Sasa, mwishoni Meja anatamka maneno ya Saitō Ryokuu, mwandishi Mjapani wa enzi ya Meiji (1868 hadi 1912), kwamba watu huhuzunikia damu ya ndege lakini si damu ya samaki, na heri walio na sauti. Jaribio langu la kwanza lilianza hivi: "Damu ya ndege hutuliza." Nikaenda kunywa chai. Niliporudi nikasoma upya nikashtuka, kwani "hutuliza" inaweza kuwa inatufanya tulie, na inaweza kuwa inatupoza roho. Mtazamaji mwenye sekunde mbili angejuaje? Anaweza kudhani Meja ni mchawi. Nikaishia hapa:

Damu ya ndege twaililia,
damu ya samaki hatuioni.
Heri wenye sauti.

Herufi 65, ukihesabu nafasi na vituo. Karibu sekunde nne za kusoma tu, kabla hujaanza kuelewa. Na huwezi kulielewa bila kujua kilichotokea punde: msichana aliyeokolewa amelia kwamba hakutaka kuwa mwanasesere, na Batou, badala ya kumbembeleza, amemkaripia. Meja anasema wanasesere nao wangekuwa na sauti, wangepiga kelele kwamba hawakutaka kuwa binadamu. Hapo ndipo moyo wa filamu ulipo. Ukiwa bado unasoma habari ya samaki, umeshapitwa.

Jicho halina hiari mbele ya maandishi. Yakitokea, linashuka. Filamu ya ngumi haiathiriki sana, neno moja moja linatosha. Innocence kila fremu imejazwa vitu vya kutazamwa, na wakati huo huo kila sentensi ni mzigo. Wamarekani walipata taabu zaidi. Kwenye DVD iliyotoka kwao mwishoni mwa 2004, hakukuwa na sauti ya Kiingereza, na maandishi yaliyowekwa yalikuwa yale ya viziwi, yenye kuandika mpaka mlio wa helikopta na vishindo vya miguu. Hebu fikiria unapambana na Descartes, halafu chini panaandikwa kwamba mtu anatembea. Baada ya malalamiko, nakala zilizorekebishwa zilitoka. Lakini aliyeichukia siku ya kwanza hakurudi.

Ni filamu hiyo hiyo iliyoshindania tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes 2004, jopo likiongozwa na Quentin Tarantino, ikakaa orodha moja na Shrek 2, ikarudi mikono mitupu. Kwao Japani ilipata tuzo kubwa ya hadithi za sayansi, Nihon SF Taishō. Kwenye sinema za Marekani iliingiza dola milioni 1 hivi tu.

Sasa mtu ataniuliza: je, Wajapani nao si walilalamika? Walilalamika, na hawakuwa wanasoma chochote. Hapo ndipo nilipolazimika kufikiri zaidi, na jibu nililipata barazani.

Sisi nasi tunaongea kwa nukuu. Mzee akisema "haba na haba," huna haja ya kusikia kibaba. Methali inafanya kazi kwa sababu nusu yake iko kwa msikilizaji. Ukimtupia mtu methali asiyoijua, atakuona unamfumba makusudi. Batou na Togusa wanatupiana nukuu kwa raha kwa kuwa bongo zao zimeunganishwa na mtandao. Kila mmoja anavuta nusu yake papo hapo. Kwao ni baraza. Mtazamaji amekaa nje ya baraza, iwe Tokyo au Tabata, na filamu haimvutii kiti. Nadhani Oshii alifanya hivyo kwa kujua: tunawasikia watu ambao hawajui tena maneno yao wenyewe yanaishia wapi na ya wengine yanaanzia wapi. Ni wazo zuri sana. Ila wazo zuri halimzuii mtu kuchoka saa nne za usiku na pilau tumboni.

Kuna mahali pamoja baraza lilifunguka. Zaburi ya 139, ile ya fikira zilizo nyingi kuliko mchanga, niliiandika kama ilivyo kwenye Biblia ya Kiswahili. Dada mmoja wa kwaya, aliyekuja kwa pilau, aliimalizia kwa sauti kabla maandishi hayajaisha. Akageuka, "Kumbe hawa wanasali?" Kuanzia hapo hakuiondolea macho filamu. Milton kwa Kiswahili hakumgusa mtu.

Na kuna mahali pengine wote saba walinyamaza: Batou amerudi nyumbani, anamhudumia mbwa wake, mwenye masikio marefu na macho ya usingizi. Hakuna falsafa pale. Kwenye faili langu ni sehemu karibu tupu.

Hiyo ndiyo iliyonifanya nirudi kazini. Nimepunguza nukuu karibu theluthi. Palipo na majina mawili nimebakiza moja, palipo na fumbo ndani ya fumbo nimeacha la nje. Wenzangu wa fani watanisema, wacha waseme. Kubwa zaidi ni gwaride. Katikati ya filamu kuna sherehe ya mji mzima, majukwaa yanayotembea, vinyago, karatasi zikipeperuka, na kwaya ya mtunzi wa muziki wa filamu hii, Kenji Kawai, inayoimba kwa Kijapani cha kale. Toleo la kwanza nilitafsiri wimbo wote, beti kwa beti, na nilijivunia vile vina. Nimeufuta. Pale chini sasa hapana kitu.

Mwezi uliopita nilimwonyesha shemeji kipande hicho peke yake, kwenye laptopu, mezani. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Yule tembo alikuwepo siku ile?"

"Alikuwepo, shemeji."

"Hebu rudisha nyuma."