Je, wajua kwa nini kalsiamu ya damu haishuki hata dagaa wakiadimika?

Mtu wa Mtwara akipikiwa dagaa wa nazi huwatafuna wazima, vichwa na miiba, na kwenye miiba hiyo ndiko kalsiamu iliko kwa wingi. Sasa bahari ichafuke wiki mbili, nyumbani iliwe mihogo na ming'oko tu. Ukipimwa damu, kalsiamu utaikuta palepale, kati ya miligramu 8.5 na 10.5 hivi kwa desilita. Inatoka wapi?

Shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, kuna tezi nne ndogo za parathairoidi, kila moja kama punje ya mchele. Kalsiamu ikipungua kidogo tu, zenyewe huhisi na kumwaga homoni yake kwenye damu. Homoni hiyo ikifika mifupani huchochea seli zinazomeng'enya mfupa, kalsiamu ikatoka. Ikifika kwenye figo huzuia kalsiamu isipotelee kwenye mkojo, na papo hapo huiagiza figo ikamilishe vitamini D, ile iliyoanzia kwenye ngozi kwa nguvu ya jua ikapitia ini. Vitamini D iliyokamilika ndiyo inayouwezesha utumbo kunyonya kalsiamu zaidi kwenye chakula. Kwa hiyo mwenye figo zilizochoka anaweza kuota jua la Lindi kutwa nzima na bado akapungukiwa.

Kalsiamu ikizidi, tezi hizo hupunguza homoni. Thairoidi nayo hutoa kalsitonini, ila kwa binadamu mchango wake ni mdogo.

Ulinzi ni mkali hivyo kwa sababu moyo, misuli na neva vyote vinaitegemea kalsiamu. Ikishuka mno, midomo na vidole hufa ganzi, mikono ikakakamaa. Mtu aliyepasuliwa goita akianza kuhisi hivyo, amwambie muuguzi mara moja: huenda tezi zile ndogo zimeguswa.

Gharama ya ulinzi huu hulipwa na mifupa, ambayo pamoja na meno ndiyo yenye asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili. Hili akina mama waliokoma hedhi wanapaswa kuambiwa waziwazi, maana homoni ya estrojeni iliyokuwa ikiikinga mifupa yao imepungua. Majibu ya damu yanaweza kuwa mazuri kabisa huku nyonga inazidi kuwa dhaifu. Uimara wa mfupa hupimwa kwa eksirei maalumu, si kwa damu.