Mtamba wa Nguruwe Mwenye Joto la Uongo

Mfugaji anapiga simu: mtamba wake wa miezi minne, ambaye hata umri wa kupandwa hajafika, uke umevimba na kuwa mwekundu, chuchu zimetuna. Anauliza ampeleke kwa dume? Sisi huuliza kwanza habari za gunia la pumba za mahindi.

Mvua zikizidi mahindi yakiwa shambani, ukungu wa fusari huyavamia. Ni ule wa rangi ya waridi, unaoanzia ncha ya hindi. Hutoa sumu iitwayo zearalenoni, inayofanana na homoni ya kike, estrojeni, hadi mwili unadanganyika kuwa uko kwenye joto, yaani tayari kupandwa. Nguruwe huumia kuliko mifugo mingine, kwa kuwa mwili wake huigeuza sehemu kubwa ya sumu hiyo kuwa aina yenye nguvu zaidi. Kuku huistahimili sana.

Uvimbe huo unaonekana kwa macho. Kinachonisikitisha zaidi kiko ndani ya ovari: sumu huchochea kemikali haribifu za oksijeni, na yai linashindwa kukomaa.

Hapo ndipo melatonini inapoingia. Aaron Lerner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliitangaza mwaka 1958, baada ya kuichuja kutoka tezi za pineali, zilizo ndani ya ubongo, za ng'ombe. Ni homoni ya giza: usiku hupanda, mwanga huishusha. Lakini kazi yake si usingizi tu. Hunasa zile kemikali haribifu, na majimaji yanayolizunguka yai kwenye ovari huwa nayo kwa wingi. Maabara, mayai ya nguruwe yaliyowekewa zearalenoni pamoja na melatonini hukomaa vizuri kuliko yaliyowekewa sumu peke yake. Panya dume waliopewa kadimiamu, metali yenye sumu, nao korodani zao hupona madhara mengi wakikingwa na melatonini.

Tafadhali, usichanganye vidonge vya melatonini vya binadamu kwenye pumba. Hiyo ni homoni ya uzazi pia. Kondoo huwekewa chini ya ngozi ya sikio ili kubadili msimu wao wa kupandana. Tena haiondoi sumu iliyomo kwenye chakula, na kupika hakuimalizi.

Mtamba huyo abadilishiwe chakula leo. Mahindi mapya uyapime unyevu kabla ya kuyahifadhi: tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, subiri dakika kumi na tano. Chumvi ikigandia kwenye chupa, yarudishe juani.