Acheni kusema vijana wanatunga maneno

Nimetumiwa tena ile orodha. Maneno ya mtaani upande wa kushoto, maana upande wa kulia, neno moja maana moja, na chini kabisa lawama ile ile: vijana wa Dar wanajitungia maneno yasiyo na kichwa wala miguu, Kiswahili kinakufa. Safari hii aliyenitumia ni mwalimu wa Kiswahili, ndiyo maana nimeshindwa kunyamaza. Kazi yangu ni kamusi, nashinda na vidahizo, yaani maneno yanayofafanuliwa kwenye kamusi, kutwa nzima, na nasema bila kumung'unya: neno lililotungwa kutoka hewani ni adimu mno. Mtaa unachukua neno ambalo tayari lipo, iwe letu au la kutoholewa, na kulipa kazi nyingine.

Tazama pesa. Elfu kumi inaitwa msimbazi kwa sababu noti yake ni nyekundu, jezi ya Simba ni nyekundu, na makao ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Rangi ikaleta timu, timu ikaleta mtaa, mtaa ukawa noti. Kisha sarufi ikafanya yake: ukiwa nazo nyingi, una misimbazi. Jina la mtaa limeingia ngeli ya mti na miti bila kikao cha mtu yeyote. Buku nalo lina adabu zake. Buku la kusoma, lile kubwa, wingi wake ni mabuku, mawili, matatu. Buku ya elfu moja haifuati njia hiyo. Ni buku mbili, buku tatu, kama tunavyohesabu shilingi. Konda wa Gongo la Mboto hakosei hapo hata siku moja. Daladala inajulikana: dala ilikuwa sarafu ya shilingi tano, na shilingi tano ndiyo iliyokuwa nauli mwanzoni mwa miaka ya 1980. Machinga wanatokana na Wamachinga wa Lindi, vijana wa kusini walioingia mjini kuchuuza. Ile hadithi ya kwamba ni Kiingereza cha kupiga gwaride, "marching guy", tuiache, imenichosha.

Sasa nije kwenye zingua, maana orodha imeandika "zingua: sumbua" ikaishia hapo.

Kuzingua kwa Kiswahili cha siku nyingi ni kukunjua kilichozongwa, na pia kumwondolea mtu uchawi. Mganga anamzingua mgonjwa, na aliyezinguliwa ni mtu aliyetolewa kwenye taabu. Mtaani aliyezinguliwa ndiye mwenye taabu. Maana imegeuka ikatazama upande wa pili, jambo ambalo mwanaisimu yeyote angelikalia darasa zima. Lakini sikiliza linavyotumika. "Amenizingua" ina kiambishi cha mtendwa: kuna mtu kanikera, kanipotezea muda, kanivunjia ahadi. Kiondoe kiambishi, iwe "amezingua", na lawama inahama. Hapo tunahukumu mwenendo wa mtu, hata kama aliyeumia hatajwi. Fundi aliyeahidi gauni la sendofu Ijumaa akalitoa Jumatatu, huyo amezingua. "Simu inazingua" haina mtendwa wala nia mbaya. Inajizima, inagoma kushika chaji. "Wamezinguana" ni ugomvi, na kila mmoja ana sehemu yake ndani. Weka "sumbua" mahali pa "zingua" uone. Kwenye simu inakaa. Kwa fundi haikai: "fundi amesumbua" haisemi kwamba hakutimiza ahadi. Na "wamesumbuana" si ugomvi hata kidogo.

Kijana wa Mbagala asiyejua unyambulishaji ni kitu gani anakinyambulisha kitenzi hiki siku nzima: zinguana, zinguliwa. Na viambishi anaviweka mahali pake: usinizingue, asikuzingue. Mtu anayejitungia ovyo hawezi hivyo.

Au chukua msela. Wingi ni masela, lakini utasikia "masela wamefika", wala husikii "masela yamefika". Upatanisho ni ule ule wa madaktari wamefika. Asili yake ni "sailor" ya Kiingereza, yaani baharia, na kinachonifurahisha ni kwamba miaka mingi baadaye mtaa ukalifuata "baharia" lenyewe, la kwetu, likawa mwanamume mjanja wa mjini, na wingi wake mabaharia wakapatana vivyo hivyo.

Kuna jambo lingine ambalo orodha haiwezi kulibeba: nani anamwambia nani. "Umezingua, mwanangu," baina ya vijana wa rika moja pale kijiweni, ni lawama nyepesi, na anayeambiwa atajibu "nisamehe bro" yakaisha. Neno hilo hilo ukimwambia baba mkwe, umevunja nyumba. Vijana wanalijua hilo kuliko wanaowalaumu. Aliyekuwa anapiga "oya, niaje" na wenzake, akipita mama wa makamo sauti inabadilika hapo hapo: "Shikamoo mama." Umewahi kumsikia anakosea?

Ninachokosa uhakika nacho ni kazi yangu mwenyewe. Kwenye kamusi tunaweka alama ya lugha ya mitaani kana kwamba kuna mpaka. Daladala lilikuwa la mitaani. Leo waziri analitamka bungeni na hakuna anayegeuka. Mwendokasi je? Mabasi yalipoanza kazi mwaka 2016 jina rasmi lilikuwa mabasi yaendayo haraka, na abiria wa Kimara hana muda wa kutamka hayo yote. Nikiliwekea mwendokasi alama ya mtaani, nimemdanganya msomaji, kwa sababu linasemwa na kila mtu, kuanzia mtoto wa shule hadi mzee wa mtaa.

Na zingua linanipa kazi zaidi. Kidahizo kimoja chenye maana kadhaa, au viwili, zingua 1 na zingua 2? Msemaji wa leo hamwoni mganga anaposema simu inazingua, na kamusi inaandikwa kwa ajili ya msemaji. Hiyo ni hoja nzito, na wenzangu wawili wanaishikilia. Mimi bado naegemea kimoja, kwa sababu ukivitenga unaifuta njia neno lilikopita. Maana ya mganga itangulie, ya lawama ifuate, kisha ya kitu kinachogoma kufanya kazi, na kila moja ipewe sentensi yake kamili, yenye msemaji na anayeambiwa.